Kopo la Mama Peng Halirudi Tupu

Brooklyn Park,
Minnesota, Marekani.
22 Novemba 2025

Mpendwa Mama Mdogo Bernardine,

Mwangaluka, mayu! Shikamoo mara mbili: moja yangu, na nyingine ya mtu mdogo ambaye bado hajui kuamkia wakubwa, ingawa kulia anajua vizuri sana. Kama Enock, msafiri tuliyemtuma, ameshakukabidhi bahasha hii na kopo jekundu, kaa kwanza, futa miwani, agiza chai. Kopo usilifungue mpaka ufike mwisho wa barua. Nakujua wewe.

Habari za Magu? Miguu yako inaendeleaje, bado inavimba ukisimama sana? Na macho, moshi wa jikoni umeyaacha au bado unapika huku unalia kama uliyefiwa? Vuli imeanza vizuri? Kuku wa Mama wangapi wamebaki, na yule jogoo mwenye kiburi bado anamfukuza katekista? Dada yako anauliza habari za jogoo huyo kabla ya kuuliza habari za watu, kwa hiyo ukijibu, anza naye.

Huku sote tu wazima, wazima kupita nilivyothubutu kuomba. Theluji imeanza kuanguka, nyumba ina joto, na mimi naandika huku nimefungwa kanga tumboni kwa amri ya wazee wawili. Huyo wa pili utamjua sasa hivi.

Najua una dukuduku. Mama alipaswa kutua Mwanza mwisho wa Septemba. Badala yake alikupigia simu akakwambia, “Siwezi kurudi, nimekula dawa ya mtu,” kisha mtandao ukakatika. Nikasikia kwamba jumuiya nzima ilikusanyika kwako kusali rozari ili dada yako aondolewe uchawi wa Marekani. Tunawashukuru sana kwa rozari, imefanya kazi yake. Lakini uchawi haukuwepo. Ngoja nikusimulie.

Unakumbuka Mama alikuja mwezi wa sita, kutembea tu. Wakati tunamtumia tiketi sikuwa nimemwambia mtu kwamba nina mimba, na wewe unajua sababu. Mbili zilizotangulia ziliharibika tukiwa bado huko nyumbani, na mara zote mbili Mama ndiye aliyenishika, ndiye aliyekwenda kuzika. Basi alipofika hapa akaniona na tumbo, hakupiga kigelegele. Alisema, “Haya, Mungu anajua,” akaenda kufungua sanduku lake. Tangu siku hiyo hakuligusa tumbo langu, hakuuliza habari zake, na alikataa katakata tusinunue hata soksi.

Mtoto alitarajiwa mwanzoni mwa Novemba. Nikamwomba Mama asogeze safari. Akasema vuli haimsubiri mtu. Mkweo Elihuruma naye akamwomba, kwa adabu zote za Kipare alizofundishwa, akajibiwa kwamba huku madaktari ni wengi kuliko miti, sasa yeye bibi kizee wa nini? Mama Mdogo, mwaka huu sikutaka kitu kingine chochote. Nilitaka Mama awepo. Lakini nilimwelewa. Vuli ilikuwa kisingizio. Alikuwa anakimbia asije akaona tena kile alichokwisha kukiona mara mbili.

Na upweke ulimsaidia kutamani kwao. Mimi asubuhi naenda hospitali kule Minneapolis kwenye zamu yangu ya unesi, Elihuruma anaelekea ofisini Eagan, yeye anabaki na runinga. Hapa Brooklyn Park, bila gari, mtu ni mfungwa mwenye jiko zuri.

Aliyemtoa kifungoni ni mti, mforosadi. Upo nyuma ya maegesho ya magari, karibu na mapipa ya taka, mkubwa, na hakuna anayejua nani aliupanda. Forosadi zilipoiva zikawa zinadondokea magari ya watu, kila mwenye gari akawa anasonya. Mama akachukua bakuli akateremka. Akamkuta mama mmoja wa Kichina wa rika lake, midomo imeiva zambarau, naye ana bakuli.

Yule mama amekuja kukaa na mwanawe Peng, kijana anayefanya utafiti chuo kikuu, nyumba ya chini yetu. Kichina chake Mama hakijui, Kisukuma cha Mama yeye hakijui, na Kiingereza wote wawili wanajua “okay,” ambayo waliitumia mpaka ikachakaa. Mama hakuhangaika kuuliza jina. Aliposikia mtoto anaitwa Peng ikatosha: huyu ni Mama Peng. Kila siku baada ya hapo walikuwa chini ya ule mforosadi, wanaongea kila mtu lugha yake na wanacheka pamoja. Wanacheka nini, mpaka leo sijui.

Mwezi wa nane Mama akapata kikohozi kikavu, na macho yakawa mekundu. Hewa ya mashine ya kupoza nyumba haikumpenda. Siku moja mimi nikiwa kazini Mama Peng akapanda ngazi na kopo la bati, jekundu, lililokuwa la biskuti. Ndani yake kulikuwa na majani makavu, meusimeusi, yamejikunja. Akamwonyesha Mama macho, akajigusa kifua, kisha akaonyesha mdomo. Akaacha kopo, akashuka.

Mama akatafsiri hivi: yatazame haya, yametoka moyoni, kula.

Sasa wewe ungefanya nini? Ungeona majani makavu, ungeyanusa, ungesema, “Kumbe hata Wachina wana nsansa!” Ndivyo alivyosema dada yako. Akayaloweka, akayachemsha, akatwanga karanga zile ulizompa aje nazo, akaunga, akayapika yote. Nilipotoka kazini nikaisikia harufu ya nyumbani tangu kwenye ngazi. Elihuruma alikula sahani moja. Mimi nilikula sahani mbili na ugali. Yalikuwa machungu kidogo na ya kutafuna, nikadhani ni majani ya kunde yaliyoanikwa zamani.

Na kwa kuwa chombo cha mtu hakirudi kitupu, Mama akaosha kopo, akapakua nsansa iliyobaki, akalijaza, akampelekea mwenyewe.

Haikupita muda mlango ukagongwa. Ni Peng, amejiziba mdomo kwa mkono, na nyuma yake mama yake amelikumbatia kopo. Akaniuliza kwa Kiingereza, taratibu kama mtu anayetoa habari za msiba, iwapo tumeyapika yote. Nikamwambia yote, tena tumeramba na sufuria. Kijana akakaa chini pale pale kwenye kapeti akacheka mpaka akakosa pumzi.

Kumbe tulikula dawa. Yale ni majani ya mforosadi, na kwao ni dawa ya tangu enzi za mababu. Peng alinieleza nami nikamtafsiria Mama. Wao hugawa dawa na vyakula kuwa vya moto na vya baridi. Jani hili ni la baridi. Hupoza mapafu yaliyokauka, hutuliza kikohozi kisicho na makohozi, husafisha macho mekundu, huondoa maumivu ya kichwa na kizunguzungu vinavyoletwa na joto. Unachukua kiasi cha vidole vitatu, unachemsha, pengine na maua fulani makavu ya manjano, unakunywa. Macho unayafumba, unayaegesha juu ya mvuke wake. Vidole vitatu, Mama Mdogo! Sisi tulisukumia tonge kopo zima, na lilikuwa la mwaka mzima.

Mama akauliza mbona mti uko pale nje na majani tele, si tukachume mengine. Mama Peng akatikisa kichwa kwa nguvu. Jani la kiangazi, kwao, ni chakula cha viwavi wa hariri. Linakuwa dawa likishapigwa na jalidi, ule umande wa usiku wa kwanza wa baridi kali, unaoganda juu ya majani kama chumvi. Kabla ya hapo halina kazi. Na jalidi huku ni mpaka mwezi wa kumi.

Mimi nilikuwa tayari nimeshika simu nampigia daktari wangu, maana nilikuwa na tumbo na nilikuwa nimekula sahani mbili. Akanituliza, akaniambia nisirudie. Mama Peng mwenyewe alikwisha kuonja ile nsansa kwa kijiko, akaangalia dari, akaonja tena. Hakukasirika hata kidogo.

Aliyekasirika ni Mama, amejikasirikia mwenyewe. Alisimama katikati ya sebule, akavuta kanga yake, akasema, “Dawa ya deni kulipa. Mimi, binti wa Mzee Masalu, nipande ndege na dawa ya mtu tumboni? Elihuruma, baba, sogeza hiyo tiketi. Jalidi ikianguka nachuma, nalipa, naondoka wiki hiyo hiyo.”

Habari za mtoto hakuzitaja. Mimi nikaingia bafuni, nikafungulia maji ili wasinisikie, nikacheka mpaka nikalia.

Basi kuanzia hapo nyumba ikawa na maombi mawili. Mama anaomba jalidi ije upesi alipe deni lake aende. Mimi naomba ichelewe mpaka nijifungue. Elihuruma akawa kama refa: kila jioni anafungua simu kutazama hali ya hewa, sisi wawili tunamkodolea macho, akisema kesho kuna joto, mmoja anasema “Asante Yesu” na mwingine anasonya. Mwezi wa kumi wote watu walitembea na fulana. Wenyeji walisema si kawaida. Mimi nilitazama pembeni kama mtu aliyehonga.

Lakini jalidi ni jalidi. Wiki ya mwisho ya Oktoba, asubuhi, Mama akanipigia kelele kutoka dirishani, “Imelda! Chumvi!” Nikachungulia. Nyasi zote nyeupe, magari meupe. Na mforosadi una tabia moja sikuijua: ukipigwa na baridi kali, majani yote hudondoka asubuhi moja, jua likichomoza tu. Yalikuwa yanaanguka kama yamesikia kengele.

Mama na Mama Peng walikuwa chini kabla sijapata viatu. Wametandika kanga mbili na shuka langu jipya la kitanda, wanaokota, wanapanga, wanatupa yenye madoa. Hapo akatokea Janvier, kijana wa Kikongo anayefanya usafi hapa kwetu, amebeba mashine yake mgongoni, ile inayopuliza majani kwa kelele.

“Bonjour ba maman! Balinituma nitoshe majani yote hapa mu parking. Munafanya nini?”

“Mwanangu,” Mama akamwambia, “ukiwasha hiyo kitu utakuwa umenifunga Marekani mwaka mzima. Hii ni dawa ya watu.”

“Ah, dawa! Bon. Basi nitaanza kule ng’ambo. Hapa nitarudia après-midi, mchana.” Akazima mashine. Kisha akaegemea gari, akauliza kwa sauti ya chini, “Na macho? Ya mama yangu inamuwashaka sana. Inasaidia?” Akaondoka na mfuko wa majani.

Sebule yetu ikatandazwa majani, huna pa kukanyaga. Yalipokauka Mama alilijaza kopo hadi juu, akalishindilia, akafunga kanga yake ya Kristo Mfalme, akateremka kulipa. Nasikia Mama Peng alilipokea kwa mikono miwili na wakainamiana muda mrefu sana, kila mmoja akimsubiri mwenzake anyanyuke kwanza.

Akarudi juu, uso umemtulia. Akaenda moja kwa moja kulitoa sanduku chini ya kitanda.

Mama Mdogo, hapo nililia, na safari hii sikufungulia maji. Nilikaa kwenye kochi na tumbo langu kubwa, namsikia chumbani anakunja vitenge. Deni lilikuwa limelipwa.

Kesho yake mchana mlango ukagongwa. Mama Peng, peke yake, hakuja na mtafsiri. Mkononi ana kopo lile lile. Kwao pia, kumbe, chombo cha mtu hakirudi kitupu.

Mama akafungua. Ndani kulikuwa na tangawizi kavu, na yale matunda yao mekundu yaliyosinyaa yanayofanana na tende, vitu vya kumpikia supu mwanamke aliyejifungua. Na juu yake kulikuwa na kofia ya mtoto, nyekundu, ya kufuma, ndogo kiasi cha kuenea kwenye ngumi yangu.

Mama akaishika ile kofia, akaigeuza huku na huku. Mama Peng akanijia pale kwenye kochi. Hakuomba ruhusa. Akaweka kiganja juu ya tumbo langu, akaongea Kichina kirefu, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya basi. Kisha akauvuta mkono wa Mama, ule mkono uliolikwepa tumbo langu tangu mwezi wa sita, akaubandika hapo na kuushikilia. Na mjukuu wenu, ambaye tangu akiwa tumboni anapenda kujionyesha, akapiga teke.

Mama akasema kwa sauti ndogo, “Anacheza.” Kisha, “Imelda, mwanangu, anacheza huyu.” Akapiga magoti, akaweka na mkono wa pili, akalia machozi ya miezi yote ile. Aliniambia, “Niliogopa, mama. Nilisema bora nisikie kwenye simu.” Nikamwambia najua. Mama Peng akatuacha, akaenda jikoni kubandika maji kana kwamba ni kwake.

Jioni ile sanduku likarudi chini ya kitanda. Elihuruma alipouliza, Mama akamjibu, “Kopo la mtu limekuja limejaa. Mkono mtupu haulambwi. Nitaondokaje sijalirudisha?”

Alizaliwa tarehe sita Novemba, msichana, mzima, kelele tele. Mama alikuwa kichwani pangu tangu uchungu ulipoanza hadi mwisho. Mtoto alipolia, dada yako alitoa vile vigelegele vyote alivyovibana tangu mwezi wa sita, manesi wakaja mbio wakidhani kuna hatari. Ni wenzangu wa kazi, mpaka leo wananiigizia. Jina kampa yeye: Tulia. Mtoto mwenyewe hatulii, lakini moyo wa bibi yake umetulia.

Sasa niko mikononi mwa serikali ya wazee wawili. Hospitali huku, mtu akishajifungua tu wanamletea maji yenye barafu. Mama aliuona ule mtungi akaushika kama ushahidi wa mauaji. Tulipofika nyumbani akamwigizia Mama Peng, na Mama Peng akashika kichwa. Kwao uzazi ni mwezi mmoja wa kukaa ndani, kula moto, kujifunika, kwetu arobaini. Badala ya kubishana wamekubaliana kuniongezea. Asubuhi nakunywa uji wa pilipili manga, mchana supu ya tangawizi na yale matunda mekundu, jioni mtori wa ndizi. Nimenenepa, nang’aa, sina sauti katika nyumba yangu.

Jani lenyewe nimekatazwa. Nilijaribu kuonja chai ya Mama, Mama Peng akanipokonya kikombe. Jani ni la baridi, mzazi anatakiwa moto. Basi linanywewa na Mama peke yake, vidole vitatu, na kikohozi kimekwisha, macho meupe. Yeye anasema ni jani. Mimi nesi nasema huenda ni kwa sababu mashine ya kupoza imezimwa. Hatugombani, tuna furaha nyingi mno za kuzishughulikia.

Mama atafika kwako tarehe nne Desemba. Safari hii ni kweli, maana ruhusa yake ya kukaa inakwisha, na vuli imemsubiri vya kutosha. Mpokee, na umwache asimulie upya kana kwamba hujasoma.

Nisalimie Mjomba Kitwana na wote wa kwake, mwambie Elihuruma bado anadai kwamba kwenye ile mechi yao haikuwa penalti. Msalimie Jedidah, namwombea kwenye mitihani. Wasalimie wanajumuiya mmoja mmoja, waambie rozari imejibiwa, tena jibu lina kilo tatu na robo. Elihuruma anakuamkia, na Tulia pia, kwa njia yake. Mungu aliyetukumbuka sisi akukumbuke na wewe, akupe miguu ya kutembea na macho ya kumwona huyu mtoto.

Sasa fungua kopo.

Majani unayoyaona ni ya ule mforosadi wetu, yamepigwa na jalidi, yamechaguliwa na Mama Peng mwenyewe alipoambiwa habari za macho yako. Chemsha ya vidole vitatu, fumba macho, egesha uso kwenye mvuke, usikaribie sana. Usiyanywe kabla ya kumuuliza daktari, kwa sababu yanaweza kushusha sukari na wewe tayari unameza vidonge vya sukari. Na tafadhali, mayu, usiyaunge karanga.

Kopo si letu. Mama Peng ameruhusu lisafiri, kwa masharti yale yale unayoyajua. Dada yako amemhakikishia kwamba Bernardine hajawahi kurudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu tangu azaliwe. Lijaze nsansa, zile za kweli. Posta usihangaike nayo. Chini kabisa, chini ya majani, kuna barua ya mwaliko ya kupeleka ubalozini, ina jina lako, na Elihuruma ameshatia sahihi. Ulilete mwenyewe.

Mimi mwanao nikupendaye, ninayekuona kila nikimtazama Mama akicheka,

Imelda